Yule anayetembea mwenyewe

Watu wakisikia nafanya kazi kitengo cha dharura wananiuliza damu naiwezaje. Damu sio ishu jamani. Hata moyo ukisimama mambo yako wazi, unakandamiza kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika, adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, kila mtu anajua nafasi yake. Anayeninyima usingizi ni yule aliyeingia kwa miguu yake, anaongea vizuri, na anataka aruhusiwe.

Juzi kaja mama mmoja mtu mzima, ana kisukari cha muda mrefu, analalamika kiungulia. Faili lake limeshaandikwa vidonda vya tumbo, na likishaandikwa hivyo basi tena, kila anayefuata anasoma faili kabla hajamwangalia mtu. Nesi ndo alishtuka, "Dokta, huyu mama mbona ana jasho la baridi?" Mtu wa maumivu ya kifua anatakiwa apimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 tangu aingie, ila huyu neno kifua hajalitaja hata kidogo, na kisukari kikishaharibu mishipa ya fahamu mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo asisikie maumivu yale tunayoyategemea. ECG ikatoka safi, troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama moyo umeumia, nayo safi.

Sasa hapo ndo penyewe. Wodi zimejaa, waliolazwa bado wako kwenye machela zetu, foleni imefika koridoni, na mwanae anauliza kama vipimo ni vizuri tunangoja nini. Troponini inachukua masaa kupanda, ukipima mapema inaweza kutoka nzuri tu wakati moyo unaumia, ndo maana inarudiwa, lakini jaribu kumweleza hivyo mtu aliyechoka halafu usionekane unabahatisha.

"Mama naomba ukae kidogo turudie kipimo."
"Mwanangu mi mzima, nipe dawa ya gesi niende zangu."

Kwa bahati kakubali. Cha pili kikapanda, akapelekwa kwa watu wa moyo.

Nimepongezwa, na sijapenda sana, maana sifa ni za nesi, halafu kuna wengi tunaowaweka masaa hivohivo na hawana kitu, na ukimshikilia kila mtu basi aliye koridoni ndo anazidiwa bila kuonwa. Hesabu hiyo hakuna mashine inakufanyia.

Kinachonikera zaidi ni ile ya kukabidhiana zamu, "anasubiri kipimo, kikiwa sawa aruhusiwe". Anayepokea hamgusi tena mgonjwa, anangoja namba tu! Siku hizi mimi nasema kabisa nini kinanitia wasiwasi, na ukiniachia mgonjwa naenda kumwona upya, hata kama umeshaandika karatasi ya kumruhusu. Wenzangu wa usiku wanasema nachelewesha watu kwenda kulala. Kweli nawachelewesha.