Daftari la dakika

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimzika Kakamega mwezi wa nne, mvua za masika zikianza. Pesa za kusafirisha mwili kutoka Oslo zilichangwa kwa siku nne. Dada alinipa simu yake nimwandikie nani ametoa nini, maana mkono wake haukutulia. Michango iliingia kwa Vipps, ambayo ndiyo M-Pesa ya huku, na kila mchango ulikuja na jina. Wakenya niliwatarajia. Lakini majina mengi yalikuwa ya Wanorwe, Wapakistani, Wasomali, Watamil, Wapoland: wazazi wa watoto aliowafundisha mpira. Mmoja alituma krona 50 na neno moja tu, «Trener». Kocha. Hata sisi wa nyumbani tulimwita hivyo.

Mimi nilikuja Norwe kama au pair mwaka 2009, nikitunza watoto wa familia moja magharibi mwa jiji. Wikendi nilipanda treni hadi kwa dada, Groruddalen, upande wa mashariki, kwenye maghorofa ambako ngazi moja ina lugha saba. Ukifungua mlango wa dada, kitu cha kwanza kukutana nacho kilikuwa mfuko wa mipira. Cha pili koni. Cha tatu zile punje nyeusi za nyasi bandia, zinazoingia kwenye viatu vya watoto na kutapakaa nyumba nzima. Ukifagia asubuhi, jioni zimerudi. Siku moja nilizikuta kwenye unga wa ugali.

Na kulikuwa na daftari. Daftari la kawaida la shule ya msingi Kenya, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Yeyote aliyekwenda likizo aliagizwa alete mawili. Oslo imejaa madaftari mazuri ya kila aina, lakini Kocha alitaka hilo. Humo hakuandika mabao. Aliandika dakika: jina la mtoto, na amecheza dakika ngapi Jumamosi hiyo. Mwisho wa mwezi alijumlisha, na aliyepungukiwa alianza mechi inayofuata, awe mzuri au awe wa kuukimbia mpira.

Siku moja tukikunja vizibao vya mazoezi nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Alizaliwa Mathare, Nairobi, akajifunza mpira wa majuala yaliyofungwa kwa kamba. Alikuwa na miaka tisa MYSA ilipoanzishwa mwaka 1987, ile jumuiya ya michezo ya vijana iliyosema timu haitacheza tu, itazoa pia takataka mtaani, na usafi ukapewa pointi zake kwenye ligi. Yeye alikuwa mmoja wa watoto wale wenye reki na toroli. Miaka ya 1990 timu za MYSA zilianza kusafiri hadi Oslo kucheza Norway Cup, mashindano makubwa ya soka ya vijana, na waliochaguliwa walirudi na hadithi za jua lisilotaka kuzama. Yeye hakuchaguliwa. Hilo halikumuuma sana, alisema. Wenzake walikuwa wakali kweli. Kilichomuuma ni mashindano fulani ya shule, alipopangwa kikosini na hakuingizwa hata dakika moja. «Nilivaa jezi asubuhi,» aliniambia, «nikaivua jioni ikiwa safi. Mama hakuwa na cha kufua.»

Alipofika Norwe kumfuata dada, akakuta nchi iliyokwisha kuandika jambo hilo kwenye kanuni. Mwaka uleule wa 1987 shirikisho la michezo la huku lilipitisha kanuni za michezo ya watoto. Wadogo hawawekewi jedwali la ligi. Mtoto acheze kwanza, kushindana kutakuja. Na kwenye mechi za watoto kuna sheria moja aliyoipenda kama wimbo: timu ikizidiwa kwa mabao manne, inaruhusiwa kuongeza mchezaji mmoja uwanjani. Alikuwa akiwaeleza jamaa wa Kenya kwenye simu, nao hawaamini. «Unashindwa, halafu wanakuongezea mtu?» Ndiyo. Wanakuongezea mtu.

Kazi yake ilikuwa kuendesha basi. Ualimu wa mpira haukuwa na mshahara; hapa makocha wengi wa watoto ni wazazi wanaojitolea, na kabla hujakabidhiwa timu unaleta cheti cha polisi. Klabu inaendeshwa kwa dugnad. Ni harambee hasa, ila badala ya kuchangia pesa pekee unachangia mikono: kupaka rangi, kusimama kioski, kuuza karatasi za choo mlango kwa mlango ili timu ipate nauli ya mashindano. Mama zetu wengi hawakulijua hilo. Walidhani mtoto anapelekwa mpirani kama anavyopelekwa shule, unamwacha unarudi. Wazazi wengine wakaanza kunung'unika kwamba Waafrika hawaonekani. Kocha hakumlaumu mtu. Alipiga simu: «Mama nanii, Jumamosi nimekuweka kioski saa nne, utasimama na mke wangu.» Mama mmoja wa Kikongo kutoka Bukavu, ambaye Kinorwe chake kilikuwa «hei» na «takk», hujambo na asante, alishika chuma cha kupikia vafler, zile keki bapa za huku, asubuhi ile, na mpaka leo hakuna anayethubutu kumnyang'anya.

Ada ya klabu Kocha aliiangalia kwa jicho kali kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa akisema mtoto akianza kuumwa tumbo kila siku ya mazoezi, usimuulize habari za tumbo, kamuulize mzazi habari za ada. Alikwenda mwenyewe, bila kumwambia mtu, akakaa na baba au mama jikoni, wakajaza fomu ya kuomba nafuu ya ada. Wiki iliyofuata tumbo limepona.

Nisimfanye malaika. Dada alilia kwa ajili ya mpira huo. Kuna majira ya baridi, nyuzi kumi chini ya sifuri, mtoto wao wa mwisho ana homa, naye yuko uwanjani akiwafunga watoto wa wenzake kamba za viatu kwa sababu vidole vyao vimeganda. Siku hiyo dada alimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kocha alinyamaza usiku kucha. Tangu hapo Jumapili ikawa ya nyumbani: simu kwenye droo, yeye jikoni akisonga ugali, na zile sukuma zao zenye majani yaliyojikunja, amezikata nyembamba kama nywele. Baada ya chakula ndipo simu ilipotoka, kuongea na mama yake Kakamega, na kuuliza karo ya kila mpwa imefika wapi. Sikuona Jumapili aliyoivunja.

Ila wiki ya Norway Cup. Hiyo dada mwenyewe aliisamehe. Mwisho wa Julai, uwanda wa Ekeberg ukifurika watoto kutoka kila pembe ya dunia, sisi tulikuwa tukikanda chapati tangu alfajiri. Timu zikilala kwenye madarasa ya shule, Kocha aliulizia wako wapi wa kutoka Kenya, akaenda na sufuria.

Saratani ya kongosho haikumpa muda. Krismasi tulikula pamoja. Machi akawa hayupo, miaka 47.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi kutoka mazishini, timu ya watoto wa miaka tisa ilikuwa na mechi. Binti yake wa kati, miaka 15, aliamka akabeba mfuko wa mipira bila kuambiwa, nikamfuata. Tulizidiwa mapema. Ilipofika manne bila, alimgeukia mvulana mmoja mwembamba aliyekuwa akijificha nyuma ya chupa za maji, akamshika bega, akamsukuma ndani. Kisha akakaa kwenye ubao, akatoa daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa babake, umepinda kidogo. Akapiga mstari chini yake, akaandika tarehe. Mechi ilipoisha nilichungulia: 31, 30, 30, 32, 31, mpaka jina la mwisho.