Mtuhumiwa Akisimama Langoni

Somo la wiki: Yoshua 20:1–9. Mkipata nafasi someni pia Matendo ya Mitume 25:13–27.

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Yoshua 20 ni sura ambayo wengi wetu huiruka. Imebanwa kati ya mipaka ya makabila na orodha ya miji ya Walawi, na msomaji aliyechoshwa na majina ya mabonde na vijiji huipita bila kugundua kwamba humo kuna mtu anakimbia kuokoa roho yake. Ameua. Ndugu wa marehemu wako nyuma yake. Akifika kwenye mmoja wa miji ya makimbilio, iwe Hebroni, Shekemu au Ramothi, sheria inamtaka asimame langoni awaeleze wazee wa mji habari yake, nao wamwingize ndani na kumpa mahali pa kukaa.

Fikirieni hali ya wale wazee. Wamesikia upande mmoja tu, tena upande wa mwenye damu mikononi. Hawajui kama anasema kweli. Hata hivyo wanamwingiza, wanampa mahali, na yule anayemfuata akifika hawamtoi. Kisha mstari wa 6 unaweka kikomo: atakaa humo hadi asimame mbele ya mkutano ahukumiwe. Na Kumbukumbu la Torati 19 inaongeza kwamba ikionekana aliua kwa kuvizia, wazee wa mji wake watatuma watu wamtoe huko na kumkabidhi. Kwa hiyo miji ile haikuwa maficho ya wauaji. Kazi yake ilikuwa kumweka mtu hai mpaka ukweli wake ujulikane.

Wiki hii nimeisoma sura hii nikifikiria gereza la Guantánamo, ambalo Marekani ililifungua tarehe 11 Januari 2002 ndani ya kambi yake ya jeshi la majini kule Kuba. Wanaume wapatao 780 wamepitia pale kwa tuhuma za ugaidi. Wengi hawakukamatwa na askari wa Marekani kwenye mapambano. Walikabidhiwa na Wapakistani na makundi ya Afghanistan, wakati ambao vipeperushi vilikuwa vinaahidi fedha nono kwa atakayeleta mtu. Walioshitakiwa ni wachache sana. Tarehe 22 Januari 2009, siku mbili baada ya kuapishwa, Rais Obama alisaini amri kwamba gereza lifungwe ndani ya mwaka mmoja. Mei ya mwaka huohuo Seneti ikamnyima fedha za kazi hiyo kwa kura 90 dhidi ya 6, na wa chama chake mwenyewe wakiwa humo. Hoja iliyosikika zaidi ilikuwa nyepesi kuielewa: hakuna mpiga kura anayetaka watu hawa waletwe jimboni kwake, hata ndani ya gereza lenye ulinzi kuliko yote.

Basi ikaanza kazi ya kutafuta miji mingine. Waislamu wa jamii ya Uighur kutoka China, ambao Marekani yenyewe ilikuwa imekubali kwamba si maadui zake, hawakuweza kurudishwa kwao kwa hofu ya kuteswa. Mwaka 2008 jaji wa Washington aliamuru 17 kati yao waachiwe waingie Marekani, rufaa ikazuia. Wakatawanywa Bermuda, Palau, Uswisi na kwingineko. Wanne wa Bermuda walipata kazi ya kutunza nyasi kwenye uwanja wa gofu. Uruguay ilipokea watu sita Desemba 2014, na rais aliyewapokea, José Mujica, alikuwa yeye mwenyewe amesota gerezani zaidi ya miaka kumi wakati wa utawala wa kijeshi. Sina haja ya kueleza kwa nini mtu wa namna hiyo alikubali upesi kuliko wengine.

Lakini mfano ninaotaka tukae nao ni wa Ghana, maana huko makanisa yaliingia katikati ya mjadala.

Januari 2016 Ghana ilipokea Wayemeni wawili waliokaa Guantánamo miaka 14 bila kufunguliwa mashitaka. Makubaliano yalikuwa wakae miaka miwili. Nchi ikawaka. Baraza la Maaskofu Katoliki na Baraza la Kikristo la Ghana, yote mawili, yalitoa matamko ya kupinga kuletwa kwao. Hofu yao naielewa. Afrika Magharibi ilikuwa na Boko Haram upande mmoja na Mali upande mwingine, na siku chache tu baada ya Wayemeni wale kutua Accra, watu waliuawa hotelini Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, nchi jirani. Mchungaji ambaye haogopi kundi lake kuumizwa hafai kuwa mchungaji. Ila nikiyaweka matamko yale kando ya Yoshua 20, naona viongozi wetu waliruka hatua. Swali la kwanza la mzee wa lango ni "wewe ni nani na umefanya nini?" Wao walianza na swali la ni lini wataondoka.

Serikali nayo ilikuwa na lake. Katika Yoshua mtu husimama langoni, mahali pa wazi, wazee wakisikia. Wayemeni wale waliingizwa kwa makubaliano ambayo Bunge halikuwa limeyaona. Raia wakaenda mahakamani, na Juni 2017 Mahakama ya Juu ya Ghana ikasema makubaliano yale yalivunja katiba kwa kuwa hayakuridhiwa na Bunge. Baadaye, chini ya serikali mpya, Bunge likaridhia, wakabaki. Mimi nadhani nusu ya hasira ya Waghana ilitokana na kupitishiwa jambo mlango wa nyuma. Watu wengi hukubali mzigo waliouliziwa. Waliobebeshwa usiku huutupa hata kama ni mwepesi.

Sasa tuje kwetu, maana kuna msomaji amekwisha kuuliza moyoni: na waliokufa je?

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi. Nairobi, kwenye ubalozi wa Marekani, kwanza ulisikika mlipuko mdogo wa guruneti. Wafanyakazi wa Cooperative House na majengo ya jirani wakaacha meza zao, wakaenda madirishani kuangalia kuna nini. Walipokuwa wamesimama pale ndipo bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikawaingia machoni. Ndiyo maana Nairobi ina watu wengi waliopofuka siku moja. Jengo la Ufundi likaporomoka. Walikufa 213. Dakika chache baadaye Dar es Salaam, kwenye ubalozi wa Laibon Road, lori jingine lililipuka likiwa limezuiwa na gari la maji. Wakafa 11, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Mmarekani. Kwa hiyo tunaposoma habari ya mwenye kulipiza kisasi cha damu tusimfikirie kama mtu katili wa Agano la Kale. Ni mama wa Buguruni au Kariobangi aliyezika mwanawe. Biblia haimkemei popote kwa uchungu wake, na haimwambii asahau. Inachomwambia ni asubiri mkutano ukae.

Mkutano ulikaa lini? Hapo ndipo panapouma. Wanne walioshitakiwa mapema kwa milipuko ile, mmoja wao Mtanzania, walihukumiwa New York mwaka 2001 katika mahakama ya kawaida, kwa mashahidi na vielelezo, wakapewa kifungo cha maisha. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan Julai 2004. Huyu hakupelekwa mahakamani. Alifichwa kwenye magereza ya siri ya shirika la ujasusi, CIA, na 2006 akahamishiwa Guantánamo. Alipofikishwa New York hatimaye mwaka 2009, jaji alimkataa shahidi muhimu kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumhoji mshitakiwa chini ya shuruti. Novemba 2010 wazee wa baraza wakamwachia kwenye mashitaka zaidi ya 280, yakiwemo yote ya mauaji, wakamtia hatiani kwa moja: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Hilo moja lilitosha kumpa kifungo cha maisha.

Wanasiasa waliitumia hukumu ile kupiga kelele kwamba mahakama za kiraia haziwezi kazi, na Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia mfungwa yeyote wa Guantánamo kuletwa bara, hata kwa kesi. Mimi naona kinyume. Mahakama ilifanya kazi yake ndani ya wiki chache. Kilichowanyima wafiwa wetu kusikia neno "hatia" kwa ajili ya mauaji ya watu 224 ni yale yaliyofanywa gizani kabla ya mahakama. Na ndugu wa waliokufa Septemba 11 wako palepale: Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulizi yale, alikamatwa Machi 2003, akateswa, na miaka zaidi ya 20 baadaye kesi yake bado haijafika hukumu. Mtuhumiwa hana hukumu, mfiwa hana hukumu. Wote wawili wamezeeka wakingoja kitu kilekile.

Katika Matendo, Paulo aliwekwa kizuizini Kaisaria miaka miwili kwa sababu liwali Feliki alitaka kuwapendeza Wayahudi. Siasa tu. Festo, aliyemfuata, anakaa na mfalme Agripa na kukiri, katika 25:27, kwamba haoni maana ya kumpeleka mfungwa bila kuonyesha mashitaka yake. Mpagani huyo anasema jambo ambalo mataifa yenye Biblia kwenye viapo vyao yalishindwa kulisema. Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa Februari 2007, akakabidhiwa kwa Wamarekani, akakaa Guantánamo bila mashitaka. Desemba 2021 bodi ya mapitio iliamua kwamba hakuna tena sababu ya kumshikilia. Alirudishwa Kenya Desemba 2024. Hiyo miaka mitatu ya katikati alifungwa kwa kosa gani? Agripa alisema Paulo angeweza kufunguliwa kama asingekata rufani kwa Kaisari. Huyu hakuwa amekata rufani kwa yeyote.

Sitaki kuwadanganya kwamba hakuna hatari. Said al-Shihri alirudishwa Saudi Arabia 2007, akapitishwa kwenye programu ya kurekebishwa, na muda si mrefu akawa naibu kiongozi wa al-Qaeda kule Yemen. Ripoti za ujasusi za Marekani zinasema kati ya kila walioachiwa 100, kama 17 wamethibitika kurudia. Hao si wachache, na anayewahesabu si mtu wa chuki. Ripoti hizohizo zinaonyesha pia kwamba walioachiwa tangu 2009, baada ya kila faili kupitiwa na nchi ya kupokea kukubaliana masharti ya ulinzi, wamerudia kwa kiwango cha chini sana kuliko waliotangulia. Kusikiliza langoni kuna faida hata kwa usalama wetu. Januari 2025 Oman ilipokea Wayemeni 11 kwa mpigo, na Guantánamo wakabaki 15.

Tukimaliza kuwasema Wamarekani, turudi nyumbani kidogo. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikamatwa na baadaye kushitakiwa kwa ugaidi huku Bara. Kesi iliahirishwa na kuahirishwa, na Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akayafuta mashitaka. Miaka minane hivi rumande, bila hukumu ya hatia wala ya kuachiwa. Wengine wetu tulifurahi walipokamatwa kwa sababu makanisa Zanzibar yalikuwa yamechomwa moto na mapadre wameshambuliwa. Maumivu yale yalikuwa ya kweli. Lakini kama walihusika, tulistahili kusikia ushahidi. Kama hawakuhusika, wao walistahili kulala kwao. Sikumbuki kanisa lolote likisimama na kudai kesi isikilizwe. Kila anayepita kwenye korido za mahakama zetu anaijua ile sentensi, "upelelezi bado haujakamilika," na namna ndugu wa mshitakiwa wanavyoinuka kimya, wanakusanya mifuko ya chakula, wanatafuta daladala ya kurudi.

Mstari wa 9 unasema miji ile iliwekwa kwa ajili ya wana wa Israeli na kwa mgeni akaaye kati yao. Mgeni ametajwa kwa makusudi, maana yeye ndiye asiye na mjomba wa kumtetea langoni. Kwa mtuhumiwa wa ugaidi hali ni hiyohiyo: hata ndugu zake huogopa kuonekana wakiuliza habari zake.

Katika ibada za nyumba kwa nyumba wiki hii tuwaombee waliopoteza wapendwa na macho tarehe 7 Agosti, maana wengi wao sasa ni wazee na gharama za matibabu hazijaisha. Tuwaombee waliobaki Guantánamo, wenye hatia na wasio nayo, na walinzi wao. Tuwaombee Waomani na Wakenya waliowapokea wenzao, na wake waliowaona waume zao tena baada ya miaka mingi wakiwa watu wengine kabisa. Tuwaombee wapelelezi na waendesha mashitaka wa nchi yetu wafungue mafaili yaliyolala kabatini, na mahakimu wapate ujasiri wa kuuliza, safari ya kumi na moja ya kuahirishwa, kwamba upelelezi huu utakamilika tarehe gani.