Usiku niliposhushwa Dharamsala

Kwa miaka 11 niliongoza wageni Kilimanjaro, na kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu kama kichwa kinawauma. Jioni kambini, baada ya supu, nazunguka hema kwa hema na kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni. Umekula? Umelala? Kichwa je? Na kwa miaka hiyo yote watu walinidanganya. Mtu macho yamemvimba, biskuti imemshinda, anakwambia yuko safi kabisa. Niliwaona ni watu wa majivuno, waliokwisha kulipa pesa zao na hawataki kurudi kwao bila picha ya kilele cha Uhuru. Niliwashusha bila huruma nyingi. Mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa kimo, yaani mwili kushindwa na hewa hafifu ya juu, kumshusha mapema ndiko kumwokoa, sina shaka na hilo hadi leo. Ila kwa nini wanadanganya, hilo nilikuja kulijua Aprili 2018 huko Nepal, kwenye vibanda vya mawe vya Dharamsala, mita 4,460 juu ya bahari.

Aprili kwetu Moshi ni masika. Mlima unafunikwa, wageni wanapungua, wagumu (ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita) wanarudi shambani. Mama mmoja wa Kijerumani, mwalimu mstaafu niliyempandisha Kibo miaka miwili nyuma, aliniandikia kwamba anataka kuuzunguka mlima Manaslu, na kwamba eneo lile sheria hairuhusu mgeni kwenda peke yake: lazima wawe angalau wawili, na kiongozi mwenye leseni. Tiketi angelipa yeye. "Wewe ulinipeleka kwako," aliandika, "sasa twende tukawaone wenzako." Wenzangu wa mlimani walinichangia koti zuri la manyoya, wakanisindikiza mpaka uwanja wa ndege. "Kawaonyeshe," mmoja akaniambia tukiagana. Neno hilo nilisafiri nalo.

Kutoka Kathmandu ni siku nzima ya gari hadi Soti Khola, na hapo ndipo miguu inaanza. Bonde la mto Budhi Gandaki huku chini ni la joto. Watu wanalima mahindi na mpunga kwenye matuta yaliyochongwa ubavuni mwa mlima, na mto unanguruma huko chini usiku na mchana mpaka masikio yanauzoea. Njia inavuka kushoto, inavuka kulia, juu ya madaraja yanayoning'inia kwa nyaya za chuma. Misafara ya nyumbu, wale wazaliwa wa punda na farasi, inakuja na kengele zake, imebeba mchele na mitungi ya gesi, na kanuni ya kwanza niliyofundishwa ni hii: ukisikia kengele, simama upande wa mlima. Kamwe usisimame upande wa mto, kwa sababu nyumbu hajui upana wa mzigo wake.

Makovu ya tetemeko la 25 Aprili 2015 yalikuwa bado wazi. Kitovu chake kilikuwa Barpak, humohumo wilayani Gorkha, na nchini kote walikufa watu karibu 9,000. Tulipita chini ya milima iliyobanduka upande mzima, kama mtu aliyemenya kiazi kwa kisu butu. Mahali hapo hatukuzungumza. Kiongozi alitupungia mkono tu tupite haraka, mmoja mmoja.

Mpagazi wetu alikuwa mtu wa bonde hilo la chini, mwenye umri wa kunizaa kama angeoa mapema. Nilimwita *dai*, kaka mkubwa. Yeye akaniita *bhai*, mdogo wake. Kwetu mzigo unakaa kichwani au begani. Yeye aliyafunga mabegi yetu mawili kwa kamba, akayaweka mgongoni, na uzito wote ukashikwa na utepe mpana unaopita utosini. Utepe huo unaitwa *namlo*. Alipovua kofia niliona mstari ambapo nywele zimelika, zimebaki laini kama za mtoto. Nilishika shingo yangu bila kukusudia. Wanaobeba wanajuana kwa alama. Mkononi alikuwa na fimbo fupi yenye kichwa kama herufi T, *tokma*, na alipotaka kupumzika hakutua mzigo chini: aliisimamisha fimbo nyuma yake, mzigo ukakaa juu yake, naye akapumua amesimama. Nimebeba miaka mingi na sikuwahi kuona kitu cha akili namna ile.

Kiingereza alikuwa na maneno machache, Kinepali mimi sina. Lakini siku ya pili tu, kwenye mpando wa kwenda Jagat, alinigeukia akasema, "*Bistarai, bistarai*." Kiongozi akatafsiri: polepole. Nikacheka kwa furaha, nikamwambia kwetu ni hivyohivyo, neno linarudiwa mara mbili. Pole pole. Akalipenda. Kuanzia hapo kila mpando alikuwa akilisema kwa sauti ya chini, kwa mwendo wa hatua zake.

Tulipanda siku baada ya siku. Deng, Namrung, Lho. Mahindi yakaisha, ikaja shayiri na viazi. Nyumba za bati zikaisha, zikaja za mawe na mbao, zenye bendera za sala juu. Njiani kuna kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maneno ya dua, na unazipita ukiziacha mkono wa kuume. Kule Lho asubuhi Manaslu ilitokea yote, mita 8,163, na pembe zake mbili. Kiongozi akatuhadithia kwamba Wajapani walipokuja kuipanda mwaka 1954, watu wa Samagaon waliwazuia, kwa sababu baada ya wale wa mwaka uliotangulia maporomoko ya theluji yalikuwa yameibomoa nyumba ya watawa, na wenyeji wakajua mlima umekasirika. Kilele kilifikiwa 1956. Sikuona cha ajabu katika hadithi hiyo. Mlima unaoishi chini yake huwezi kuuita mawe matupu.

Samagaon tulipumzika siku moja. Samdo, mita 3,875, kijiji cha watu waliohamia kutoka Tibet, kiongozi akasema ni vizuri tulale mara mbili. Mama alikubali. Mimi ndiye niliyesema hapana, tuko vizuri, tusonge. Nilikuwa nimeamka na kichwa kizito siku hiyo, nikajiambia ni moshi wa jiko la mavi ya ng'ombe wa milimani. Nilikuwa najua si moshi. Nilikuwa pia najua, kwa kuwa nimewaambia wageni mamia ya mara, kwamba mwili haukumbuki ulipandia wapi mwaka jana. Mara ya mwisho kupanda Kibo ilikuwa Februari. Tangu hapo nilikaa Moshi mjini, mita 800 na kitu, nala ndizi. Mazoea ya kimo yalikwisha kumwagika yote. Lakini masikioni nilikuwa na namba zangu: mimi nimesimama mita 5,895, mara sijui ngapi, na Larkya La, njia ya juu tuliyokuwa tukienda kuivuka, ni 5,106. Ningeanzaje kusema kichwa kinaniuma? Mama alikuwa amelipa tiketi. Koti nililovaa lilitoka mifukoni mwa watu wanaobeba mizigo. Kila nilipofungua mdomo kusema, nilisikia: kawaonyeshe.

Tukaenda Dharamsala. Ni vibanda tu, mahali pa kulala saa chache kabla ya kuamka saa tisa usiku kuvuka. Wali na dengu ulikuja, ule ambao siku zote nilikuwa naongezewa sahani ya pili. Nikaupangua kwa vidole ili uonekane umeliwa. Mama aliniuliza kichwa vipi. Aliuliza kwa maneno yangu mwenyewe, kama nilivyokuwa nikimuuliza kwenye kambi ya Barafu, Kilimanjaro. Nikamjibu, "Safi kabisa."

Kama saa saba nilitoka nje. Nilitapika nyuma ya ukuta, nikafukia kwa theluji kwa ncha ya kiatu, kama paka. Nilipogeuka, dai alikuwa amesimama hapo, blanketi begani, taa ya kichwani imezimwa. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

Hakuniuliza neno. Aliwasha taa, akachukua ile fimbo yake, akachora mstari kwenye theluji, mrefu kama hatua kumi. Kisha akaweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, akatembea juu yake mara moja kunionyesha, akanyosha mkono: wewe.

Mstari ule ninaujua. Nimeuchora kwenye vumbi la kambi ya Karanga, nimeuchora Barafu, nimesimama pembeni na tochi nikiwatazama watu wazima, mameneja na madaktari, wakijaribu kuutembea. Mtu akishindwa, ubongo umeanza kuvimba, na mazungumzo yamekwisha. Nilikanyaga hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu mguu ukaenda ulikotaka wenyewe, nikakaa chini kwenye theluji.

"*Tala, bhai*," akasema. Chini.

Kiongozi akaamshwa, Mama akaamka. Ndipo nikasema kweli, kwamba kichwa kinaniuma tangu Samdo. Nilitegemea hasira, nikaona Mama anatafuta glavu zangu gizani. "Ingekuwa ni mimi," aliniambia akinivalisha, "ungenishusha hata kwa kunibeba." Tukakubaliana avuke na kiongozi, begi lake lipandishwe farasi. Alitaka kubaki, nilimsihi aende. Kiongozi alituandikia barua ya kuwaonyesha askari wa kituo cha Jagat, na dai akaweka namlo utosini, begi langu mgongoni, tukaanza kushuka kurudi Samdo.

Alinishika kwa nyuma ya mshipi, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea. Nilikuwa nayumba. Kila baada ya muda nilisimama kutapika, ingawa hakukuwa na kitu tumboni, na yeye alikuwa akiweka kiganja shingoni kwangu na kusema lile neno nililomfundisha: "Pole. Pole." Kwake lilikuwa na maana moja tu, taratibu. Sikuwahi kumwambia kwamba ni neno hilohilo tunalomwambia aliyefiwa, aliyejikwaa, mgonjwa, mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Alilisema bila kujua, na mimi nililisikia lote. Nililia, na baridi ile machozi yanauma.

Nilimkumbuka pia kijana mmoja. Mwaka wangu wa pili wa kubeba mizigo, tuliyekuwa tukilala naye hema moja alificha kichwa hivyohivyo, kwa sababu aliyeshuka hakulipwa siku zilizobaki. Usiku nilimsikia akitapika, nikageukia upande wa pili, nikidhani ndiyo heshima. Tulimshusha asubuhi. Tulichelewa.

Kabla hakujapambazuka tulikuwa Samdo. Mwenye nyumba alifungua mlango bila kuuliza ni nani, akachochea jiko, akanipa chai ya siagi yenye chumvi, ile ambayo njia nzima nilikuwa nimeikataa. Ilikaa tumboni. Kufikia saa nne asubuhi kichwa kilikuwa kimeachia, nikaona milima imesimama sawasawa. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Mita mia tano na kitu tu kwenda chini, na mtu anarudishiwa uhai wake. Mama alivuka salama siku hiyohiyo.

Sikupanda tena. Tulirudi njia tuliyojia, mimi na dai, siku sita bila haraka. Shayiri ikageuka mahindi, joto likarudi. Chini ya milima iliyobanduka tulipita tena mmoja mmoja, yeye akitangulia. Siku ya tano alikata kushoto kwenye kijinjia, akanipeleka kwake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, bati jipya, na pembeni yake msingi wa mawe wa nyumba ya zamani, katikati pamepandwa vitunguu. Mkewe alinipakulia wali na dengu, akaniongeza, akaniongeza tena. Binti yao wa shule alitafsiri kidogo. Mama yake akauliza kama ni kweli kwetu nako kuna mlima wenye barafu, na kama wako watu wanaobeba. Nikasema wapo, wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Binti akatafsiri. Dai akanitazama muda mrefu, kisha akasogeza mkono, akanigusa nyuma ya shingo, pale panapobaki pagumu, akasema neno moja kwa mkewe.

Asubuhi alinisindikiza kwenda Soti Khola. Alipoinama kufunga begi nilimtangulia, nikachukua namlo. Alikataa, nikang'ang'ania, akaachia. Utepe ulikuwa na joto la jua na harufu ya jasho lake. Nikauweka utosini, nikainuka, shingo ikakaza, na kwa saa nzima nilitembea mbele kwenye njia ile nyembamba juu ya mto, nikisikia hatua zake nyuma yangu. Nilipogeuka mara moja kumtazama, alikuwa anakuja mtupu mgongoni, fimbo ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama mtu asiyejua pa kuiweka.