Kupima bamba la kaboni bila kulikata: fuata mwangwi wa nyuma

Spana ikidondokea bamba la nyuzi za kaboni, juu huenda pakabaki alama ndogo tu, au pasionekane kitu. Ndani, resini (gundi inayoshika nyuzi) imepasuka na tabaka zimeachana, na eneo lililoharibika hupanuka kadiri unavyoshuka kuelekea upande wa chini. Kulikagua kwa macho peke yake ni kubahatisha.

Kugongagonga kwa sarafu husaidia bamba likiwa jembamba: palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipoachana sauti huwa butu. Kasoro ya ndani sana kwenye bamba nene haisikiki. Watu hukimbilia eksirei, lakini tabaka zilizoachana hulala bapa mbele ya miale na huonekana kwa shida. Hapa kazi ni ya ultrasaundi, sauti isiyosikika kwa sikio: probu inayogusishwa kwenye bamba huituma ndani na kupokea mwangwi unaorudi.

Kwa unene wa milimita 4, probu ya megahezi 5 inafaa. Sauti hupenya kaboni kwa takriban mita 3,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi huchukua kama mikrosekunde 2.7. Kasi yenyewe ipime kwenye bamba la mfano lenye nyuzi, resini na mpangilio ule ule, na vipande vya tefloni vilivyopachikwa kati ya tabaka kwa kina kinachojulikana. Ukiiseti mashine kwa kipande cha chuma, ambamo sauti hukimbia karibu maradufu, kila kina kitasomeka karibu maradufu.

Safisha uso, paka jeli ya kupitisha sauti, sogeza probu kwa mistari inayopandana nusu kwa nusu, macho yakiwa kwenye mwangwi wa nyuma, yaani ule unaorudi kutoka uso wa chini wa bamba. Ukipotea na mwingine ukachomoza mapema, tabaka zimeachana, na muda wake hukupa kina. Ukififia bila mwangwi mpya, shuku viputo vya hewa vilivyotapakaa kwenye resini. Kabla ya kuandika chochote, ongeza jeli na unyooshe probu: jeli haba au probu iliyoinama hufifisha mwangwi vilevile. Mpaka wa kasoro uchore pale mwangwi wake unaposhuka hadi nusu.

Kasoro iliyo chini ya tabaka la kwanza au la pili humezwa na mwangwi wa uso. Funga probu yenye kipande cha plastiki cha kuchelewesha sauti, au pima kutoka upande wa pili. Upande huo wa pili hufichua pia kasoro zilizokaa kivulini mwa kasoro ya juu.

Gundi iliyogusana na bamba bila kushika ndiyo ngumu kuliko zote. Sauti hupita kana kwamba kiungo ni kizima, kwa hiyo ulinzi wake ni usafi wa uso kabla ya kugandisha.