Kovu la Maisha ya Kwanza

"Kwani akifa akarudi, kovu lake linaenda wapi?" Mwanangu aliuliza jana, macho yakiwa kwenye simu, kwenye zile tamthilia za dakika mbilimbili: dada anamsaliti dada, aliyesalitiwa anakufa, anaamka miaka mitano nyuma, kisasi kinaanza. Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafika mbali.

Ni ile tamthilia ya aina hiyohiyo niliyoshika mwendelezo, yaani kuhakikisha vitu havibadiliki ovyo kutoka kipande kimoja hadi kingine. Saa ya ukutani, shuka, nywele, kalenda, vyote vilikuwa juu yangu. Kifo na kuamka vilikuwa kwenye kitanda kimoja. Kawaida unarekodi kuamka kwanza, ngozi ikiwa safi, ndipo uje kwenye damu na makovu. Siku hiyo ratiba iligeuzwa kwa sababu aliyecheza mume alitakiwa kuondoka mapema, naye yumo kwenye kifo tu.

Kovu la mkononi mwa aliyecheza dada aliyesalitiwa lilikuwa la kolodioni, majimaji ambayo yakikauka huivuta ngozi mpaka ifanye bonde. Unapaka tabaka jembamba, unaliacha likauke, unaongeza la pili, la tatu. Kulitoa, unalainisha kingo kwa dawa yake kisha unabandua polepole. Lakini likikaa saa nyingi chini ya taa, ngozi inabaki nyekundu, na poda haishiki pale penye unyevu wa dawa. Na skripti ilitaka, akiamka tu, kamera imsogelee mkononi hapohapo, aone kovu halipo, ajue amerudi.

Mpambaji akapaka, akafuta, akapaka tena. Kwenye skrini ya muongozaji alama ilikuwa bado inaonekana, kama mstari wa wino. Kimya. Mwigizaji akakaa kitandani bila kuambiwa, akautazama mkono, akaanza kuusugua kwa kidole gumba. Taratibu kwanza, halafu kwa hasira, mpaka wekundu wote ukawa ni wa kusugua kwake. "Liko wapi?" akanong'ona. Hayo hayakuwemo kwenye skripti. Bahati kamera ilikuwa inarekodi, na kipande hicho ndicho kilichobaki.

Mengine yalikwenda mbio: uchumba, makofi, machozi.

Ila yule dada msaliti, aliyekuwa mlangoni akisubiri zamu yake, aliuliza: "Sasa mimi katika maisha haya sijamfanya kitu. Ananilipizia nini?" Muongozaji akacheka. Mwandishi wa skripti hakucheka. Jioni aliongeza kipande: hati ya nyumba imeachwa mezani, hakuna shahidi, dada achague mwenyewe. Akaiiba. Hadithi za namna hii hutibiwa hivyo, msaliti anapewa nafasi ya kuwa mwema kabla hajaadhibiwa, la sivyo mtazamaji anahamia upande wake.

Dada hakuridhika. "Si umenitegea tu?" alimwambia mwandishi, na tangu hapo akacheza kila kipande kwa uso wa mtu aliyeonewa. Muongozaji alimsihi aukaze uso. Hakuukaza, na tulipokuja kuhariri, mara mbili tatu nilijikuta nataka yeye ndiye ashinde.