Fomu ya serikali mtandaoni: weka kipanya kando

Kabla ya kununua programu yoyote ya kukagua kama watu wenye ulemavu wanaweza kuijaza fomu yako, chomoa kipanya. Bonyeza Tab kuanzia juu ya fomu hadi kitufe cha kutuma. Usipojua uko kwenye kisanduku gani, ujue mbunifu amefuta ile fremu inayozunguka sehemu uliyopo, eti inaharibu sura ya ukurasa. Irudishe.

Kisha washa kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti kilichopo kwenye skrini: NVDA kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure, au TalkBack kwenye simu ya Android. Nenda kwenye kisanduku cha NIN, ile namba ya kitambulisho cha taifa ya Uganda. Mara nyingi kisoma skrini hakitamki jina la kisanduku vizuri, kwa sababu maneno "Weka NIN" yameandikwa kwa kijivu hafifu ndani yake, na ukianza kuchapa yanatoweka. Dawa ni lebo halisi juu ya kisanduku, iliyounganishwa nacho kwenye msimbo, pamoja na maelezo: "herufi na tarakimu 14, bila nafasi". Mtu akikosea, usitegemee mstari mwekundu peke yake. Andika "Umeweka 13, zinatakiwa 14", na kisoma skrini kiyatangaze papo hapo. Uganda ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, lakini sheria haiandiki lebo.

Utofauti wa rangi ya maandishi na mandhari usipungue 4.5:1, yaani uwiano wa mwangaza wa rangi hizo mbili. Captcha ya picha, lile jaribio la kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ing'oeni. Ya sauti nayo haimfai kiziwi asiyeona. Na ile fomu ya PDF iliyoskaniwa? Kwa kisoma skrini ni picha tupu. Ichapeni upya.