Njano ya Kandinsky, Taa za Scriabin

Jioni ya tarehe 2 Januari 1911, mjini Munich, Wassily Kandinsky aliketi ukumbini kusikiliza muziki wa Arnold Schoenberg, mtunzi wa Vienna ambaye walikuwa bado hawajafahamiana. Kandinsky alikuwa Mrusi wa Moscow aliyeipa kisogo taaluma ya sheria akikaribia umri wa miaka 30 ili ajifunze kuchora, na usiku ule alisikia vipande vya piano na kwarteti ya nyuzi vilivyokuwa vikijinasua kutoka katika kanuni za muziki zilizozoeleka. Mara baada ya onyesho hilo alichora picha aliyoiita Impression III, na kwenye mabano akaongeza neno lenye maana ya tamasha.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na kila mara jicho langu huanzia kwenye doa kubwa jeusi la sehemu ya juu, ambalo ni kifuniko cha piano kilichopoteza karibu umbo lake lote. Kulizunguka, njano imefurika na kumeza nafasi ya ukumbi, huku wasikilizaji wakiwa wamebaki vichwa na migongo iliyoinama tu. Katika kitabu alichokitoa mwishoni mwa mwaka huohuo, Kandinsky aliifananisha njano na mlio mkali wa tarumbeta, na nyeusi akaiona kuwa rangi isiyo na mlio kabisa. Hapo ndipo picha inaponigusa: chombo chenyewe kimepakwa rangi ya ukimya, na kinachopiga kelele ni hewa inayokizunguka.

Wakati huohuo Moscow, mtunzi Alexander Scriabin alikuwa akiufikia mpaka huo kati ya rangi na muziki kutoka upande wa pili. Mwezi Machi 1911, Serge Koussevitzky aliongoza onyesho la kwanza la Prometheus, kazi ya okestra kubwa, piano, ogani na kwaya, ambayo nota zake zina jambo lisilo la kawaida: juu kabisa ya ukurasa, juu hata ya filimbi, kuna mistari iliyoandikiwa mwanga. Scriabin aliiita luce, neno la Kiitaliano lenye maana hiyohiyo. Sehemu hiyo, ambayo kila noti yake husimamia rangi, ina sauti mbili, yaani mistari miwili ya noti inayokwenda pamoja. Ya kwanza hufuata mabadiliko ya muziki hatua kwa hatua, lakini ya pili hutembea polepole mno, ikibadilika mara chache tu katika muda wa dakika 20 hivi, na mwishoni hurudi kwenye noti ileile iliyoanzia. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba rangi hizo zilikuwa pambo. Sauti hiyo ya pili inabeba umbo la kazi nzima, na anayepiga Prometheus gizani amekiondoa chombo kimoja katika okestra.

Nikolai Rimsky-Korsakov, mtunzi mwingine wa Urusi, naye aliziona funguo za muziki, zinazotajwa kwa herufi, kwa rangi. Wote wawili walikubaliana kwamba D ni njano, ila C ilikuwa nyekundu kwa Scriabin na nyeupe kwa mwenzake. Tofauti hiyo haipunguzi kitu, kwa kuwa Scriabin alizipanga rangi zake kwa utaratibu, kama mtu anayetunga lugha. Kule Munich kundi la Kandinsky liliutambua undugu huo mapema: almanaka yao ya mwaka 1912, Der Blaue Reiter, ilichapisha makala ya Leonid Sabaneev kuhusu Prometheus.

Onyesho la Moscow lilifanyika bila taa. Rangi zilionekana kwa mara ya kwanza pamoja na okestra mwezi Machi 1915, Carnegie Hall, New York, zikimulikwa kwenye pazia, naye mtunzi alikuwa mbali, Urusi. Mwezi uliofuata alifariki dunia kwa sumu ya damu iliyotokana na kidonda cha mdomoni, akiwa na miaka 43. Alichokuwa nacho yeye ni duara la mbao lenye balbu za rangi, alilotengenezewa nyumbani kwake, karibu na mtaa wa Arbat. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho, na duara hilo bado limo humo.